Kwa Nini Mwaka Wetu Uliisha Desemba

Mwanangu Lugano,

Juzi uliniuliza swali, nami nikainuka kwenda kutazama maharage ambayo hayakuwa na shida yoyote. Ulikuwa umekaa mezani na fomu za kampuni yako, kalamu mkononi, ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, mwaka wa hesabu wa vyumba vya Iringa niandike unaisha mwezi gani?" Nikajibu kutoka jikoni kwamba tutaongea. Hatukuongea. Labda ulidhani sijui. Ninajua, mwanangu. Hakuna jambo katika biashara ya kupangisha ninalolijua kwa uchungu kama hilo.

Kesho unakwenda Iringa kuanza maisha yako kwenye vyumba alivyokuachia bibi yako. Habari za blanketi, za dawa ya mafua na za kutowafungulia mlango watu usiowajua nimezisema mpaka umeanza kuzimalizia wewe kabla yangu, kwa hiyo hapa sizirudii. Nataka kukujibu swali lako tu. Lakini siwezi kukujibu bila kukueleza jinsi baba yako alivyokufa, na sehemu yangu katika kifo hicho, ambayo hujawahi kuisikia. Naogopa kwamba ukishaijua hutaniangalia tena kama unavyoniangalia sasa. Naogopa zaidi uende ukalale kwenye vyumba vile bila kujua.

Unajua kwamba baba yako alianguka kutoka juu ya paa la vyumba vyetu, mwezi wa Januari, mvua ikinyesha. Ulikuwa na miaka tisa. Uliambiwa kwamba bati lilikuwa na maji na mguu ukateleza. Hayo ni kweli. Kosa langu ni kukuacha uamini kwamba hayo ndiyo yote.

Vyumba hivi vinane vya hapa Mwanjelwa, Mbeya, alivijenga kwa mikono yake. Yeye alikuwa fundi seremala. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mwandiko niliofundishwa na masista kule kwetu Tosamaganga, Iringa, ulionyooka kama uzi. Tukagawana kazi: yeye nyundo, mimi daftari. Siku tuliyokwenda kuandikisha biashara, karani aliyetuhudumia, mama mmoja mpole, alituuliza mwaka wetu wa hesabu utaisha lini. Akatueleza kwamba wengi hufuata kalenda, Januari hadi Desemba, na kwamba anayetaka mwezi mwingine anaandika barua ya kuomba na kueleza sababu.

Baba yako hakufikiri hata kidogo. Alisema mwezi wa sita. "Mvua zimekatika," alisema, "watu wameuza mpunga, wapangaji wana hela. Na mimi napanda juu ya bati kavu."

Nilimbonyeza mkono asitutie aibu. Nikamwambia kwamba watu wote wanafunga Desemba, na kwamba barua ya kuomba itatuchelewesha. Mimi niliyasema hayo, niliyejua kuandika barua kuliko mtu yeyote kwenye foleni ile. Alinitazama, akatabasamu, akasema, "Haya, Mama Lugano. Mwenye mwandiko ndiye mwenye mwaka."

Sababu yangu ya kweli sikumwambia yeye wala karani. Bibi yako alinisomesha kwa kuuza vitunguu, akitegemea niwe mwalimu au muuguzi, nami nikamletea fundi wa Mbeya mwenye sanduku la misumeno. Hakunitukana. Alisema tu, mbele ya kaka zangu, "Basi, ukishiba utatuambia." Neno hilo nililibeba miaka mingi. Nilitaka Krismasi inapofika, watoto wote wa ukoo wakiwa wamerudi nyumbani, na mimi niingie uani kwa bibi yako na mwaka uliofungwa, nikiwa na kitu cha kuonyesha. Mwaka ulioisha Juni ungenisaidia nini? Juni hakuna mtu nyumbani wa kukutazama.

Sasa fuatilia jinsi Desemba ilivyonidanganya. Wapangaji wetu hulipa pango la miezi sita kwa mkupuo, na wakati ule wengi walilipa mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba, kabla ya kusafiri kwenda kwao, ili wasirudi wakakuta chumba kimepewa mtu mwingine. Kwa hiyo kila nilipofunga daftari lilikuwa limenona. Lakini pango lile lilikuwa la Januari, la Februari, mpaka la Juni, miezi ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameilala bado. Mimi nililihesabu lote kuwa la mwaka uliokwisha, nikapiga mstari, nikaliita faida. Tulikuwa tunakula miezi ambayo haijafika.

Na lingine ni baya zaidi. Ili mwaka uishe na sura nzuri, kila tengenezo kubwa nilikuwa nalisukuma ng'ambo ya ule mstari. Kitasa kikiharibika Oktoba, nilisema Januari. Ukuta wa choo ukianza kupasuka Novemba, nilisema Januari. Januari kwangu ilikuwa kama stoo. Kila nisichotaka kukiona nilikitupa humo na kufunga mlango.

Mwaka ule wa mwisho wa baba yako, chumba cha saba kilivuja kwa mvua za kwanza tu. Humo alikuwa anakaa Mama Salma, aliyekuwa akileta mchele kutoka Igawa, ambaye mpaka leo unamwita mama mkubwa. Alikuja mlangoni kwetu na khanga begani akasema, "Mama Lugano, mimi mchele nauza mkavu. Mkiendelea hivi nitaanza kuuza ubwabwa." Nikacheka. Baba yako hakucheka. Alichukua ngazi akapanda, akakaa juu muda mrefu, akashuka na kusema kwamba mabati ya upande ule yamekwisha, kutu imeanza kula kwenye misumari, na kuweka viraka ni kujidanganya. Alitaka mabati kumi na mawili mapya, wiki ile ile, kabla mvua kubwa hazijafika.

Nilikuwa nimekaa na daftari mapajani. Nikamwambia, "Subiri tufunge mwaka. Nitayaingiza Januari."

"Januari nitapandaje, Mama Lugano?"

Nikamjibu kwamba mvua haikuanza leo kunyesha Mbeya, na mafundi wanapanda siku zote. Mama Salma alikuwa bado amesimama pale mlangoni. Alisikia yote. Hayo maneno nimeyageuza miaka kumi na mitatu nikitafuta upande ambao ningeweza kukuonyesha bila aibu. Hayana upande huo.

Desemba nikafunga. Kwenye karatasi ulikuwa mwaka wetu mzuri kuliko yote. Na kutokana na uzuri huo, mwanangu, nilinunua mabati ishirini mapya nikampelekea bibi yako Iringa, zawadi ya Krismasi, kwa ajili ya vyumba vitano vya uani alivyokuwa amevijenga akashindwa kuviezeka.

Ndiyo. Vyumba hivyo hivyo alivyokuachia wewe. Mabati utakayolala chini yake ni yale.

Huenda unaikumbuka siku ile, maana ulikuwa na gauni jipya na hukutaka mtu alishike. Baba yako ndiye aliyeyapakia mabati yale kwenye lori. Aliyapanga moja moja, akatandika maboksi katikati yasikwaruzane, akafunga kamba na kuivuta mara mbili, kwa uangalifu ule ule aliokuwa nao hata kwa kazi ya mtu asiyemjua. Sikuona aibu. Nilisimama pembeni nikihesabu. Alipomaliza alijifuta mikono kwenye suruali akaniuliza, "Mvua ya Iringa ni kali kuliko ya hapa?" Nilidhani anatania. Alibaki kuangalia vyumba, sisi wawili tukaondoka.

Tulipofika bibi yako alitoka nje, akatusalimu kwa Kihehe, "Kamwene," akaenda moja kwa moja kwenye mabati. Aligonga moja kwa kidole, akasikiliza, kama anavyofanya mtu anayenunua chungu. Kisha akawageukia wajomba zako akasema, "Sasa huyu ameshiba." Nimejitahidi kukuandikia ukweli, kwa hiyo na huu niuandike: sijawahi kufurahi kama nilivyofurahi pale. Nilipata nilichokitafuta, nikakipata chote, kwa muda wa kama dakika moja hivi.

Tulirudi Januari. Fedha iliyobaki ilikuwa ya ada yako na ya chakula. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na siku ya tatu Mama Salma alihamishia magunia yake kwenye korido. Baba yako alitazama magunia yale, akaenda akabandua mabati ya zamani kwenye banda la kuku, akapanda nayo. Mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa napiga mistari kwa rula kwenye ukurasa wa kwanza wa mwaka mpya.

Nilisikia kishindo nikadhani ni bati. Nilipotoka, Mama Salma alikuwa ameshakaa kwenye matope, kichwa cha baba yako kiko kwenye khanga yake, naye anamwita jina lake la ubatizo, jina ambalo hakuna mtu aliyekuwa akimwita hapa. Yaliyofuata unayajua. Hospitali, siku moja na nusu, kisha tukamrudisha kwao Tukuyu kumzika.

Msibani watu waliuliza, kama watu wanavyouliza, fundi mzoefu kama yule alipanda juu na mvua ile kutafuta nini. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikisubiri Mama Salma afungue mdomo. Hakufungua. Ilipita miaka miwili kabla sijathubutu kumuuliza kwa nini. Alikuwa anapepeta mchele, hakuacha.

"Nikisema, atafufuka?" aliniambia. "Mtoto amebakiwa na mzazi mmoja. Sitamnyang'anya na huyo."

Yale mabati kumi na mawili tuliyanunua Machi, kwa fedha za rambirambi.

Ungetegemea kwamba baada ya hapo ningebadilisha mwezi. Sikubadilisha. Kubadilisha kungekuwa kukiri, na nilikuwa sijawa tayari kukiri hata mbele ya karatasi. Nikaendelea kufunga Desemba. Wewe uliziona Krismasi zile. Ulinikuta mezani na daftari, siongei, na ulipoleta sahani ya wali uliiweka kwenye kona ili usichafue kurasa zangu. Mara moja ulisimama nyuma ya kiti changu muda mrefu, nadhani ulikuwa na miaka kumi na mbili, kisha ukaenda kuimba kanisani peke yako. Nilikusikia ukitoka. Ningeweza kukuita. Baba yako nilimkosea kwa neno moja. Wewe nimekukosea kwa kunyamaza miaka mingi, na sijui lipi ni zito zaidi.

Kilichonitikisa ni lile darasa la jioni la utunzaji wa hesabu, kwenye ukumbi wa kanisa. Ulinicheka nilipolifunika jalada la daftari langu kwa gazeti kama mtoto wa shule. Wenzangu walikuwa vijana, na kwa kuwa nilikuwa nawahi kufika na kufuta ubao waliniita Dada Mkuu. "Dada Mkuu, leo tumechelewa, tusamehe," walisema wakipita, nami nikawaandika majina kwa kidole hewani. Nilikuwa napenda sana kuwa mwanafunzi tena. Nilidhani nikijua kila kanuni vizuri, kuna kitu kitarekebishika.

Jioni moja mwalimu, naye kijana tu, alituuliza mmoja mmoja kwa nini mwaka wa biashara yake unaishia pale unapoishia. Binti mmoja anayeshona sare za shule alisema wake unaisha Machi, kwa sababu msimu umepita, rafu ziko tupu, kuhesabu ni rahisi na anajua kilichobaki ni chake kweli. Nikaona jinsi jibu lilivyo dogo na safi. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Kwa sababu ya mama yangu." Darasa zima likacheka, wakidhani Dada Mkuu anachekesha. Nami nikacheka. Kisha nikatoka nje nikasimama kwenye bomba la maji, nikalia kwa mara ya kwanza tangu msibani.

Baada ya kipindi mwalimu aliniambia tu kwamba barua ya kuomba kubadilisha ni ukurasa mmoja, na kama nataka atanisaidia kuiandika. Nikamwambia mwandiko ninao.

Ukibadilisha mwezi, Lugano, katikati unabaki mwaka mfupi. Wetu ulikuwa wa miezi sita, Januari hadi Juni. Nilipofika mwisho wake, anga kavu, baridi ile ya Juni unayoijua, wapangaji wamelala miezi yote waliyoilipia, niliona kwa mara ya kwanza biashara yetu ilivyo kweli. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyokuwa nikiwaambia watu Iringa. Ilikuwa inatosha. Nikaita fundi apande akague kila msumari, nikamshikia ngazi mwenyewe, mpaka akaniita kutoka juu akasema, "Mama, ishike taratibu, unaitikisa."

Basi, swali lako.

Usiandike Juni kwa sababu baba yako alisema Juni. Yeye aliuchagua kwa ajili ya paa hili, la mji huu na wapangaji hawa. Wapangaji wako watakuwa wanafunzi wa vyuo, wanaoondoka na kurudi kwa msimu wao. Tafuta mwezi ambao vyumba viko wazi na bati ni kavu, fedha uliyonayo ni ya miezi iliyokwisha lalwa, na bado una nafasi ya kutengeneza kabla mvua na wapangaji hawajarudi. Nadhani utakuwa Agosti au Septemba, lakini mimi sikai huko. Waulize majirani wanaopangisha. Wakikuambia lazima uandike barua ya kuomba mwezi huo, andika barua. Ni ukurasa mmoja. Na pango la miezi ijayo uliweke mbali na mikono yako, likae kama mgeni, mpaka mwezi wake ufike.

Lakini lililonifanya nikae hapa kuandika si hilo. Wiki iliyopita nilikusikia ukiongea na rafiki yako kwenye simu. Ulisema, "Nataka nikirudi Krismasi Mama aone." Ulisema kwa furaha. Nilikuwa naanika nguo, nikaziacha kwenye beseni. Sitaki kuona kitu, mwanangu. Usiukate mwaka wako ili unifae mimi. Njoo Krismasi mikono mitupu. Njoo hata mambo yakiwa yamekwenda vibaya, na yakiwa yamekwenda vibaya sana njoo mapema, usisubiri Krismasi.

Bibi yako usimchukie. Hakujua. Nilipompigia simu kuhusu kifo aliniuliza baba yako alikuwa anafanya nini juu ya paa, nikamwambia kazi. Amekufa akiamini zawadi ile ilitoka kwenye shibe. Na kuhusu yale mabati, ukitaka kuyaezua yaezue, vyumba ni vyako, sina haki ya kukuomba ulale chini yake. Ukiyaacha, ujue pia kwamba yalipangwa na kufungwa kamba na baba yako, mchana mmoja, akiwa mzima na bila kinyongo ninachokijua. Yote mawili ni kweli. Nimeshindwa kuchagua moja.

Nilifikiria kuificha barua hii kwenye begi lako uikute umeshafika. Nimeghairi. Nitakupa mkononi asubuhi baada ya chai, na nitakaa hapo hapo mezani unapoisoma. Uniulize unachotaka kuniuliza. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie nikiwa mbele yako. Ukitaka kunyamaza, nitangoja. Usiogope kuchelewa, magari ya Iringa ni mengi. Ukikosa la asubuhi lipo la mchana, na ukikosa la mchana, chumba chako hapa sijampangisha mtu.

Mama yako